Nusu Alama si Ndogo, Wala si Ushindi

Popote penye kivuli cha mwembe na bao la kuchezea, pana mtu mmoja ambaye wote humjua kuwa ni fundi. Akiketi, watu husogea. Akinyanyua kete, watu hunyamaza. Na aketipo mbele yake kijana ambaye ndevu hazijamwota, watazamaji huwa wamekwisha kutoa hukumu mioyoni mwao kabla kete ya kwanza haijatiwa shimoni. Hawatazami tena mchezo. Wangoja tu kuthibitishiwa yale waliyokwisha kuyaamini. Basi ikitukia kwamba saa yapita na fundi hajamla kijana, na jasho laanza kumtoka fundi badala ya kijana, ndipo maneno yanapozuka barazani. Huyu husema fundi amezeeka. Yule husema kijana amebahatisha. Wa tatu husema fundi alimhurumia tu mtoto wa watu. Ni wachache mno wasemao neno lililo la maana kuliko yote, nalo ni hili: hebu tuutazame mchezo wenyewe.

Leo tumekusudia kuutazama mchezo mmoja wa namna hiyo. Huo haukuchezwa chini ya mwembe, bali ulichezwa Reykjavik, mji mkuu wa Iceland, tarehe 18 Machi, 2004. Wala haukuwa mchezo wa bao, bali wa sataranji, ambao vijana wa siku hizi wauita chesi. Lakini jambo lililotokea pale lamhusu kila mtu aliyepata kuambiwa kwamba daraja lake ni dogo, na kila mtu aliyepata kujivunia kwamba daraja lake ni kubwa. Ndiyo maana tumeona yafaa kulizungumza katika ukurasa huu.

Sataranji si mchezo mgeni kwetu kama wengi wanavyodhani. Jina lenyewe lashuhudia. Mchezo huu ulizaliwa India, ukavuka kwenda Uajemi, Waarabu wakaupokea kwa Waajemi na kuuita shatranj, na lugha yetu ikalipokea neno hilo na kulivika mavazi yake. Ubao wake una vyumba 64, nusu vyeupe na nusu vyeusi. Kila upande una kete 16: mfalme, malkia, ngome mbili, farasi wawili, maaskofu wawili waendao mshazari, na askari wanane waendao mbele tu, hatua kwa hatua, wasioweza kurudi nyuma. Mwenye kumzingira mfalme wa mwenziwe akakosa pa kukimbilia, huyo ameshinda. Hakuna karata ya kufichwa, hakuna dadu la kurushwa. Kila kitu ki wazi mbele ya macho ya wote wawili, na mwenye kushindwa hana wa kumlaumu.

Sasa tuwataje wachezaji wetu. Mwenye kete nyeusi alikuwa Garry Kasparov wa Urusi, mtu wa miaka 40. Huyu alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1985, akiwa na miaka 22, akaushika mpaka mwaka 2000. Hata baada ya kupokonywa taji hilo na Vladimir Kramnik mjini London, jina lake liliendelea kuwa la kwanza katika orodha ya wachezaji wenye nguvu duniani. Mwenye kete nyeupe alikuwa Magnus Carlsen wa Norwe, mtoto wa miaka 13. Tunasema mtoto, na hatukutia chumvi. Watu waliokuwapo, na wengi walioona picha za sinema zilizopigwa siku ile, walimwona akiinuka kitini, akazunguka kutazama meza za wenziwe kama mtoto aliyepelekwa sokoni na mama yake, huku bingwa mkuu wa zama zake akishika kichwa kwa mikono miwili.

Mchezo ule uliisha baada ya hatua 52. Hakuna aliyeshinda. Ulitoka suluhu.

Ili tuelewe uzito wa neno hilo, hatuna budi kwanza kuieleza ile nambari ambayo kila mchezaji wa sataranji huibeba mgongoni kama mpagazi abebavyo mzigo wake. Katika mchezo huu watu hawapangwi kwa sifa za midomoni. Kila mmoja ana nambari yake, nayo huandikwa katika daftari la Shirikisho la Sataranji la Dunia, FIDE, lililoanzishwa Paris mwaka 1924. Aliyeibuni hesabu ya nambari hizo ni Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria aliyehamia Marekani utotoni, akawa mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Marquette mjini Milwaukee. Chama cha sataranji cha Marekani kiliikubali hesabu yake mwaka 1960, na FIDE ikaikubali mwaka 1970.

Hesabu yenyewe si ngumu kuielewa. Katika sataranji kushinda ni pointi moja, suluhu ni nusu, kushindwa ni sifuri. Wachezaji wawili wenye nambari sawa hutazamiwa kugawana pointi nusu kwa nusu. Mmoja akimzidi mwenziwe kwa 200, hutazamiwa kujipatia kama pointi 76 katika michezo 100. Akimzidi kwa 400, hutazamiwa kupata kama 91. Siku ile ya Reykjavik, nambari ya Kasparov ilikuwa 2831, na ya Carlsen 2484. Tofauti ni 347. Maana yake ni kwamba kama wawili hawa wangeketi wakacheza mara 100, daftari lilimtazamia mtoto apate kama pointi 12 tu, na 88 zote ziwe za bingwa.

Na hapa pana jambo ambalo twaomba msomaji alitazame kwa makini. Katika ubao wa matokeo suluhu huandikwa nusu kwa huyu na nusu kwa yule, na mtu asiyejua hudhani kwamba wawili hao wamegawana sawasawa. Lakini daftari la Elo halisomi hivyo. Daftari huuliza: ulitazamiwa kupata nini, na umepata nini? Mtoto aliyetazamiwa kupata sehemu 12 katika 100 amepata 50. Bingwa aliyetazamiwa kupata 88 amepata 50. Kwa hiyo suluhu ni faida kwa mmoja na hasara kwa mwingine. Mchezo wa Reykjavik ulikuwa wa haraka, wa dakika na si wa saa nyingi, na kwa sababu hiyo haukugusa nambari za daftari. Lakini lau ungekuwa mchezo wa kawaida, kwa kanuni itumikayo juu ya wachezaji waliokwisha kufika 2400, mtoto angeongezewa kama pointi 4, na bingwa angepunguziwa zizo hizo. Alichopata mmoja kingetoka katika mfuko wa mwingine. Ndivyo ilivyo: nusu ya mnyonge na nusu ya mwenye nguvu si nusu moja.

Je, nambari ile ilidanganya? La, haikudanganya. Lakini yako mambo mawili ambayo nambari haiwezi kuyasema, na mtu asiyeyajua huifanya nambari kuwa kadhi badala ya karani.

La kwanza ni kwamba nambari ni kumbukumbu ya jana. Ile 2484 iliandikwa katika orodha ya Januari, 2004. Zamani zile orodha ilitolewa mara moja katika kila miezi mitatu. Lakini mwezi ule ule wa Januari, mtoto huyu alikwenda Wijk aan Zee, Uholanzi, akalishinda kundi la tatu la mashindano makubwa ya huko, kwa kupata pointi 10 na nusu katika michezo 13. Siku moja kabla ya kukutana na Kasparov, palepale Reykjavik, alimshinda Anatoly Karpov, naye ni bingwa wa dunia wa zamani, katika mchezo wa dakika chache. Orodha ya Aprili ilipotoka, nambari ya mtoto ilikuwa 2552, na kabla mwezi huo haujaisha akapata daraja la grandmasta, lililo la juu kabisa katika mchezo huu. Basi mtu aliyeketi mbele ya Kasparov tarehe 18 Machi hakuwa tena yule aliyeandikwa daftarini. Kijana anayekua ni kama mhindi wakati wa masika: ukiupima Jumatatu, Ijumaa kipimo chako kimekuwa cha uongo, hata kama ulipima kwa uaminifu.

La pili ni kwamba nambari huhesabu yale tu yaliyoandikishwa. Mtu ambaye hakupata nauli ya kwenda kwenye mashindano yanayotambuliwa, hana nambari, au ana nambari ndogo. Lakini hilo halitwambii lolote juu ya akili yake. Hapa kwetu Afrika ya Mashariki jambo hili lajulikana vema na kila mpenda sataranji. Mpate nambari njema kwa kucheza na wenye nambari njema, na hao wako mbali, na safari ni ghali. Hatusemi hivi kwa kulalamika. Twasema ili mtu anapoiona nambari ndogo mbele ya jina la kijana wa Kisumu au wa Mwanza, asifikiri kwamba ameona mwisho wa kijana huyo. Ameona tu idadi ya milango aliyofunguliwa.

Tuurudie sasa mchezo wenyewe, maana tuliahidi kuutazama. Mtoto alianza kwa kumsukuma mbele askari wa upande wa malkia. Bingwa akajibu kwa utaratibu wa kale, uliopewa jina la Cambridge Springs, mji mdogo wa Marekani ambako yalifanyika mashindano makubwa mwaka 1904. Katika utaratibu huo mweusi humtoa malkia wake mapema, akamweka pembeni, akitafuta kumbana mweupe. Lakini mtoto hakubanika. Kete zake zilitoka moja baada ya moja, kila moja ikaketi mahali pake pa haki. Kufika hatua ya 24 askari wake wa katikati alikuwa amesukumwa mbele, na njia zikafunguka. Katika hatua ya 27 farasi wa mtoto akamla askari mmoja wa bingwa, na bingwa hakuweza kumrudisha.

Askari mmoja, ndugu msomaji, huonekana kitu kidogo. Lakini baina ya wachezaji wa kiwango kile, askari mmoja ndiye tofauti ya kushinda na kushindwa. Kwani askari akifika mwisho wa ubao hugeuka kuwa malkia. Tangu hapo mambo yaligeuka juu chini. Yule mwenye 2831 ndiye aliyekuwa akitafuta njia ya kuokoka, na yule mwenye 2484 ndiye aliyekuwa akimwinda.

Kwa nini, basi, mtoto hakushinda? Katika hatua ya 32 malkia wa pande zote mbili waliuana, na hatari iliyokuwa ikimkabili mfalme mweusi ikapungua. Kisha kila upande ukabaki na ngome moja na askofu mmoja pamoja na askari wachache. Na wale maaskofu wawili hawakuwa wa rangi moja. Wa mtoto alitembea katika vyumba vyeusi tu, wa bingwa katika vyumba vyeupe tu. Watu hao wawili wangeweza kuishi katika ubao mmoja miaka 100 pasi na kukutana. Wachezaji wajua tangu zamani kwamba hali hiyo humsaidia mwenye upungufu. Kwa sababu huweza kuvizuia vyumba vya rangi yake, na mwenziwe, hata akiwa na askari wa ziada, hana wa kumwondoa pale. Kasparov alilijua hilo. Alimwacha mtoto na askari wake, akakimbilia mahali ambapo askari yule hangefua dafu. Wakasogea, wakazungukana, na katika hatua ya 52 wakakubaliana suluhu. Mpaka dakika ile ya mwisho, mtoto alikuwa na askari watatu, na bingwa wawili.

Hapa twaona mambo mawili kwa pamoja, na mwenye haki hawezi kulitaja moja akaliacha la pili. Mtoto alimfikisha bingwa ukingoni. Na bingwa alijua namna ya kusimama ukingoni asianguke. Ile elimu ya kuokoka katika hali mbaya, isiyo na sifa wala makofi, ndiyo sehemu kubwa ya ile nambari 2831. Haipatikani kwa ujana wala kwa kipaji. Hupatikana kwa miaka mingi ya kuketi ubaoni, na kwa kupata kushindwa na kukumbuka ulivyoshindwa.

Yafaa pia tuseme kwamba suluhu zote si za namna moja. Iko suluhu ya mfalme kukosa pa kwenda hali hakushambuliwa, ambayo mara nyingi humwokoa aliyekwisha kukata tamaa. Iko suluhu ya kurudia hali ile ile mara tatu. Iko suluhu ya kete kwisha hata hazitoshi tena kumzingira mfalme wa mtu. Na iko suluhu ya kupatana, ambapo wachezaji wawili hupeana mikono baada ya hatua chache, jasho halijawatoka, kila mmoja akachukua nusu yake akaenda zake. Suluhu hii ya mwisho imewachukiza watazamaji kwa muda mrefu. Mwaka 2005, katika mashindano ya Sofia, Bulgaria, waandalizi waliweka sharti kwamba wachezaji wasipatane wenyewe, bali mwamuzi ndiye atakayesema kama kweli hakuna tena la kupigania. Sharti hilo lilisifiwa na wengi, na tangu hapo mashindano mengine yameweka masharti ya namna hiyo. Watu hawachukii suluhu. Wachukia suluhu ambayo haikufanyiwa kazi. Suluhu ya Reykjavik ilifanyiwa kazi mpaka pande zote mbili zilipokuwa hazina la zaidi.

Sasa twafika mahali ambapo wasimuliaji wengi hupenda kukomea, nasi hatukomei. Habari ya mtoto kumzuia bingwa ilienea dunia nzima kwa muda mfupi. Lakini katika mashindano yale, kila wawili walicheza michezo miwili, na mwenye pointi chache alitolewa. Wakaketi tena. Mara hii bingwa akachukua kete nyeupe. Akashinda. Mtoto akatolewa kwa pointi nusu dhidi ya moja na nusu, na bingwa akaendelea.

Tusilifiche jambo hili, kwa maana ndani yake ndimo limo fundisho lenyewe. Wazee walisema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nusu alama humlewesha mtu upesi kuliko alama nzima. Kwa kuwa mwenye alama nzima hana la kuongeza maneno, lakini mwenye nusu hutafuta kuijaza kwa hadithi. Utamsikia akisema miaka 20 baadaye: mimi nilikwenda suluhu na fulani. Na ukimwuliza, baada ya hapo ulifanya nini, hunyamaza. Ulimwengu wa sataranji umejaa watu wa namna hiyo, waliopata suluhu moja wakaifanya kiti cha kukalia. Ni wengi kuliko waliopata suluhu moja wakaifanya ngazi ya kupandia.

Carlsen aliifanya ngazi. Hakupanda kwa kuruka. Alipanda daraja kwa daraja, mwaka kwa mwaka, akishinda na kushindwa. Januari, 2010 akawa wa kwanza katika orodha ya dunia, akiwa na miaka 19. Januari, 2013 nambari yake ikafika 2861, ikavunja ile 2851 ya Kasparov iliyokuwa imesimama tangu mwaka 1999. Novemba ya mwaka ule ule alikwenda Chennai, India, akamshinda Viswanathan Anand kwa pointi 6 na nusu dhidi ya 3 na nusu, akawa bingwa wa dunia. Mwaka 2014 nambari yake ikafika 2882, ambayo mpaka siku ile hakuna mwanadamu aliyekuwa amepata kuifikia. Ubingwa aliushika mpaka mwaka 2023, akauacha kwa hiari yake mwenyewe kwa kukataa kuutetea.

Lakini baina ya ile suluhu ya mwaka 2004 na lile taji la mwaka 2013 liko jambo moja ambalo sisi twaliona kuwa kubwa kuliko yote. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba Carlsen alikuwa na mwalimu mpya. Mwalimu huyo alikuwa Garry Kasparov, ambaye alikuwa amestaafu mashindano tangu mwaka 2005. Yule aliyewahi kumfikisha bingwa ukingoni alikwenda kuketi miguuni pake ajifunze yale ambayo yeye mwenyewe hakuyajua siku ile. Na yule aliyewahi kutolewa jasho na mtoto hakuweka kinyongo. Alimfungulia sanduku la elimu yake, hali akijua kwamba sanduku hilo litatumika kuzivunja nambari zake mwenyewe. Hawakudumu pamoja muda mrefu, lakini katika muda ule Carlsen aliifikia nafasi ya kwanza ya orodha.

Twaomba kila mwanagenzi na kila fundi, katika karakana, bandarini, ofisini na shambani, alitafakari jambo hilo. Mahali pa kazi kuna nambari pia. Kuna daraja la mshahara, kuna cheti, kuna miaka ya utumishi. Nambari hizo zina haki yake, na mtu anayezidharau hadharau karatasi, bali adharau kazi iliyofanywa jana na watu waliokuwapo kabla yake. Lakini ole wake msimamizi anayeziamini kiasi cha kutotazama mikono ya kijana aliye mbele yake. Atakuwa kama yule mtazamaji wa bao tuliyeanza naye, aliyetoa hukumu kabla kete haijatiwa shimoni. Orodha yake ni ya Januari, na kijana tayari yuko Machi.

Na ole wake kijana pia, ambaye siku moja alimsahihisha fundi mbele ya watu, akapigiwa makofi, akaona kwamba amekwisha kuhitimu. Ndugu kijana, fundi bado anajua namna ya kusimama ukingoni. Wewe wajua kumfikisha pale tu. Nenda ukamwulize. Hutapungukiwa na kitu, Carlsen hakupungukiwa.

Na wewe fundi, ambaye mtoto wa juzi amekutoa jasho, usitafute visingizio vya umri wala vya usingizi. Nusu uliyopoteza imekwisha kwenda, wala hairudi kwa kumkunjia uso aliyeichukua. Lililobaki mkononi mwako ni kuchagua: ama uilinde elimu yako mpaka uzikwe nayo, ama uikabidhi kwa mtu atakayeifikisha mahali ambapo wewe hukufika. Kasparov alipoketi kumfundisha yule mtoto wa Reykjavik, hakupunguza hata pointi moja katika sifa yake. Sisi twaona aliongeza.

Tumesema kwamba nusu alama si ndogo. Kwa mtu aliyetazamiwa kupata sehemu 12 katika 100, nusu ni ushahidi kwamba waliompima walipima jana. Na tumesema kwamba si ushindi, kwa maana mchezo wa pili ulikuwa ungali unangoja. Basi atakayepata suluhu leo mbele ya mtu mwenye daraja kubwa kuliko lake, na ampe mkono kwa heshima, aikusanye kete yake na kuiweka mahali pake, kisha aupange ubao upya. Kazi ndiyo kwanza inaanza.